Sifuri Iliyobaki

Mzee alivua kofia kabla ya kusema. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imemlowesha mabega yote mawili, na matone yalikuwa yakidondoka kwenye meza ya mhasibu.

"Mwanangu," akasema, "mzigo wangu wa pili, kioo kilisema laki tisa na elfu themanini na saba, na mia mbili. Nimesoma mwenyewe."

Mhasibu akamgeuzia daftari. Mzigo wa kwanza kilo 65.3, shilingi 104,480. Mzigo wa pili kilo 61.7, shilingi 98,720. Bei ya kilo moja ya parachichi siku hiyo ilikuwa shilingi 1,600. Risiti nayo ilisema hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa pale kubadilisha waya wa mzani. Programu ya kituo kile cha kupokea parachichi nimeiandika mimi, kwa hiyo mhasibu akaniita. Nikafungua faili ya siku, nikaikuta 98720 imetulia mahali pake, nikamgeukia mzee.

"Shikamoo mzee. Hapa kila kitu kiko sawa. Pengine ni macho tu, mzee wangu, na mwanga wa pale mlangoni si mzuri."

Alinitazama kidogo.

"Marahaba," akasema. Akapokea hela zake, akazihesabu taratibu, akavaa kofia, akatoka mvuani.

Hiyo marahaba imenikaa moyoni wiki ya tano sasa.

Kioo cha mkulima

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa habari za mizani. Nimekulia Uyole, nimeona viazi vya watu vikiondoka kwa lumbesa, gunia limejazwa mpaka limeota nundu na bado linahesabiwa moja. Nilipoombwa kuandika programu ya kupokea parachichi, jambo la kwanza nililoomba ni kioo cha pili. Kimoja cha karani, kingine kigeuzwe kwa mkulima, vionyeshe kitu kile kile kwa wakati mmoja. Asitegemee mdomo wa mtu. Aone kilo zake, aone hela yake.

Wazo lilikuwa zuri na bado naliamini.

Mashine ni kompyuta mpakato kuukuu yenye mfumo wa Linux, haina madirisha wala picha, ni maandishi matupu juu ya kioo cheusi. Nilichagua hivyo makusudi. Umeme ukikatika na kurudi, programu inawaka kabla karani hajamaliza kufuta mikono. Haihitaji kipanya, na mahali penye matope na utomvu wa parachichi kipanya hakimalizi msimu.

Utaratibu ni mfupi. Karani anaingiza namba ya mkulima, kioo kinafutwa chote, fomu mpya inachorwa. Vijana wanapandisha kreti tatu juu ya mzani. Uzito unacheza, unatulia, malipo ya mzigo huo yanaandikwa mstari wa chini yake. Zinashuka, zinapanda nyingine tatu. Mkulima mmoja anaweza kuwa na mizigo miwili, mitatu, hata sita.

Shida ilijificha hapo, kati ya mzigo wa kwanza na wa pili wa mtu yule yule.

Picha

Wiki tatu baada ya mzee, nikiwa stendi ya Kabwe nasubiri Coaster, simu ikalia. Karani alikuwa amenitumia picha, na chini yake maneno matano: "Kaka, hebu ona hii sasa."

Ilikuwa picha ya kioo cha mkulima.

Uzito: 58.4
Malipo: 934400

Nilihesabu tarakimu kwa kidole. Sita. Nikahesabu tena. Kilo 58.4 mara 1,600 ni 93,440. Tarakimu tano. Mtu alikuwa amemwongezea mkulima sifuri moja mwishoni, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Coaster ilijaa ikaondoka. Nilibaki nimesimama.

Nilijua pale pale, kabla hata sijafungua msimbo. Mzigo wa kwanza wa mkulima yule lazima ulivuka laki. Malipo yake yalichukua nafasi sita kwenye kioo. Ulipokuja mzigo wa pili, programu yangu ilirudisha kishale, ile alama ya mahali pa kuandika, mwanzo wa ile nafasi na kuandika 93440 juu ya namba ya zamani. Tarakimu tano zilifunika tarakimu tano. Ya sita haikuguswa na mtu. Ilibaki pale pale ilipokuwa.

Na kwa kuwa bei ilikuwa ya mamia kamili na mzani unaonyesha sehemu moja tu ya kumi, kila malipo yaliishia na sifuri. Kilichobaki kilikuwa sifuri siku zote. Ingebaki saba au tatu, pengine mtu angeshtuka mapema. Sifuri ilikaa mwishoni kama mwenyeji, ikazidisha hela ya mtu mara kumi kamili, na kioo kikaonekana safi.

Daftari lilikuwa sahihi. Faili ilikuwa sahihi. Risiti ilikuwa sahihi. Mzee naye alikuwa sahihi.

Kurudi si kufuta

Anayeanza kuandika programu za kioo cheusi anadhani kioo ni kama ubao: ukiandika upya, cha zamani kimeondoka. Mimi nimefanya kazi hii miaka tisa na bado nilifanya kana kwamba ni hivyo.

Kioo hiki kimerithi tabia ya karatasi. Nakumbuka wapiga chapa waliokuwa wakiwaandikia watu barua na viapo, vidole viwili vikikimbia kwenye taipureta. Mstari ukiisha, anasukuma mkono wa chuma, lile gari linalobeba karatasi linarudi mwanzo kwa kishindo. Kurudi kwake hakufuti kitu. Akiandika tena bila kuvuta karatasi juu, herufi zinapandana.

Mashine za Teletype, kama Model 33 iliyotoka 1963, zilikuwa taipureta zinazoendeshwa kwa waya, herufi kumi kwa sekunde, juu ya karatasi. Ziliamriwa kwa namba: 13 irudishe kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, 10 isogeze karatasi mstari mmoja. Ni amri mbili kwa sababu ni matendo mawili. Vioo vilipokuja kuchukua nafasi ya karatasi, vilizipokea amri zile zile na maana yake ile ile. Mpaka leo, programu ikituma namba 13, ambayo sisi tunaandika \r, kishale kinarudi mwanzo wa mstari na hakifuti hata nukta.

Mimi sikutumia \r. Nilitumia amri ya kukipeleka kishale mahali ninapopataka: namba 27 ambayo ni ya ESC, kisha mabano ya mraba, kisha mstari na safu, kisha H. Ukiandika ESC[8;10H, kishale kinaruka mstari wa nane, safu ya kumi. Familia hii ya amri iliwekewa kanuni kwenye ECMA-48 mwaka 1976, na kioo cha VT100 cha kampuni ya DEC kilichotoka 1978 ndicho kilichoisambaza mpaka kila mtu akaifuata. Ni amri nzuri. Lakini nayo inahamisha mkono tu. Kufuta ni kazi nyingine, nayo lazima uiagize.

Amri ya kufuta ipo. ESC[K. Herufi tatu. Inafuta kuanzia kishale kilipo mpaka mwisho wa mstari.

Sikuiweka.

Kilo 62 na nusu

Kwa nini haikuonekana msimu mzima? Swali hili lilininyima usingizi kuliko kosa lenyewe.

Jibu ni bei. Msimu ulipoanza kilo ilikuwa shilingi 1,500. Kreti tatu zikijazwa vizuri hazivuki kilo 66, na kilo 66 mara 1,500 ni 99,000. Hakuna mzigo mmoja uliowahi kufika laki. Namba zote zilikuwa na upana mmoja, kila moja ikaifunika mwenzake bila kuacha mkia. Nilipoijaribu programu nyumbani, nilitumia bei hiyo hiyo. Nilipandisha mfuko wa unga, nikapandisha ndoo ya maji, na mipaka ya majaribio yangu ikawa mipaka ya bei ya wiki ile.

Kisha bei ikapanda hadi 1,600. Wakulima walifurahi, nami nilifurahi nao. Kuanzia siku hiyo mzigo wa kilo 62.5 ukawa laki kamili. Wenye kreti zilizojazwa kwa ukarimu, tena mzigo wa kwanza ambao watu huweka matunda makubwa juu, wakavuka mstari huo. Mzigo wao wa pili ukirudi chini ya 62.5, sifuri inabaki.

Aliyejaza kreti vizuri ndiye aliyedanganywa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mstari wa uzito, ulio juu ya malipo, haukuwahi kukosea hata mara moja. Nilifungua nione kwa nini. Mzani wenyewe hutuma uzito wake ukiwa na urefu ule ule daima: namba ikiwa fupi, inatanguliziwa nafasi tupu mpaka itimie. Nafasi tupu nayo ni herufi. Ikiandikwa juu ya tarakimu, tarakimu inafutika. Fundi aliyetengeneza mzani alijua kwamba namba yake itaandikwa juu ya namba nyingine mahali asipopaona, akaijazia nafasi mapema. Nilipokea kazi yake kila siku, mara kumi kwa sekunde, na sikujifunza.

Dawa ya kwanza

Usiku ule ule nilifanya anachofanya mtu mwenye hofu. Niliamuru kioo chote kifutwe, ESC[2J, kabla ya kila uandishi. Hakuna kitakachobaki tena popote.

Asubuhi karani akanipigia. "Kaka, kimekuwa kama koroboi kwenye upepo. Watu wanafumba macho."

Alikuwa na haki. Kioo cha mistari 24 na safu 80 kina nafasi 1,920. Mara kumi kwa sekunde nilikuwa nazifuta zote na kuzichora upya, na kati ya kufuta na kuchora kuna kitambo kidogo ambacho kioo ni kitupu. Jicho linakidaka. Nilikuwa nimeondoa uongo nikaweka kitu kisichosomeka, na kwa mkulima aliyesimama mlangoni tofauti ya hivyo viwili ni ndogo.

Tatizo hili ni la zamani kuliko mimi. Kuna wakati vioo viliunganishwa kwa laini ya simu yenye mwendo wa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Kujaza kioo kizima kulichukua zaidi ya dakika moja. Usingeweza kuchora kila kitu upya kwa sababu tarakimu moja imebadilika. Kuelekea 1980, Ken Arnold, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza maktaba ya programu iitwayo curses, akichukua ustadi wa kusogeza kishale kutoka kihariri cha vi cha Bill Joy. Wazo lake ni hili: programu itunze picha mbili za kioo kwenye kumbukumbu, moja ya kilivyo sasa na moja ya kinavyotakiwa kuwa. Kila mara ilinganishe, itume tofauti tu. Mjukuu wake, ncurses, ndiye tunayemtumia kwenye Linux leo.

Kwa siku mbili nilidhani hilo ndilo jibu. Nilianza kuhamisha programu nzima.

Shaka

Kilichonisimamisha kilikuwa waya.

Waya wa mzani unapita sakafuni, watu wanaukanyaga. Ukichomoka na kuchomekwa, kiini cha Linux, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa, hutangaza jambo hilo moja kwa moja kwenye kioo, juu ya chochote kilichopo. Programu haiulizwi. Nikajaribu nyumbani: nikachomoa waya huku curses ikifanya kazi, na tangazo likatua katikati ya mstari wa malipo. Kisha nikabadilisha uzito. Curses ikalinganisha picha zake mbili, ikaona tarakimu mbili tu zimebadilika, ikatuma hizo mbili. Kwenye picha yake kioo kilikuwa safi kabisa. Kwenye kioo chenyewe namba ilikuwa imeparaganyika.

Nilikaa nikilitazama lile tangazo kwa muda mrefu.

Maktaba ile ilikuwa inafanya nilichofanya mimi kwa mzee. Ilikuwa na kumbukumbu yake, kumbukumbu ilisema sawa, ikawa haina haja ya kutazama. Na kwa kweli haiwezi kutazama. Maandishi yanakwenda kwenye kioo, hakuna anayerudi kusema yameonekanaje. Mwenye kujua ni mtu aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana programu nyingi za aina hii zinampa mtumiaji Ctrl-L, kitufe cha kusema: chora upya, unachokijua wewe sicho ninachokiona mimi.

Mkulima wangu hakuwa na kitufe.

Hatimaye sikuhamia curses. Fomu yangu ina mistari sita; nikaamua kuitawala kwa mkono. Kila namba sasa inaandikwa kwenye nafasi tisa zilizopangwa kulia, fupi ikajaziwa nafasi tupu kama mzani unavyofanya, na nyuma yake inafuata ESC[K. Ninaandika kwanza ndipo nafuta mkia, kioo hakipati nafasi ya kuwa kitupu. Fomu nzima inakusanywa kwanza kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda, na kutumwa kwa mkupuo mmoja. Matangazo ya kiini nimeyanyamazisha pale kiooni kwa amri ya dmesg -n 1, na kila mzigo mpya ukianza fomu inachorwa yote upya, hata kama kumbukumbu inasema hakuna kilichobadilika. Nimeweka pia alama ya maelfu: 98,720. Sifuri ikizidi, koma itakuwa mahali pasipo pake, na macho ya watu wetu yamezoea koma kuliko ninavyozoea mimi msimbo.

(Na kwa anayeandika vitu vya namna hii: kabla ya kutuma ESC yoyote, uliza kwa isatty, kazi ya mfumo inayojibu swali hilo, kama unaongea na kioo au na faili. Ripoti yangu moja ya jioni ilijaa alama za ^[[K kwa sababu sikuuliza.)

Kwa mzee

Jumamosi nilikwenda kwake. Nimechapisha ile picha ya karani kwenye karatasi, kubwa.

Alikuwa barazani, migomba imezunguka nyumba, Mlima Rungwe umefunikwa na wingu. Nilimwamkia, akaniitikia, akamtuma mjukuu alete kigoda. Sikujua nianzie wapi, nikampa karatasi.

Aliishika mbali, mkono umenyooka, akasoma tarakimu moja moja.

"Tisa. Tatu. Nne. Nne. Sifuri. Sifuri."

Macho yake hayakuwa na shida yoyote.

"Hii siyo yangu," akasema.

"Si yako, mzee. Ni ya mtu mwingine, lakini ni kosa lile lile. Ulisoma vizuri. Kioo kilisema ulivyosema, na mimi ndiye niliyekifanya kiseme. Halafu nikakwambia ni macho. Nisamehe."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. Kisha baada ya kitambo: "Nyumbani nilishawaambia laki tisa. Wakasema mzee umeanza."

Sikuwa na la kujibu. Mjukuu alileta chai. Tulikunywa tukitazama mvua ikishuka kutoka mlimani.

Nilipoinuka, akauliza, "Na wengine?"

Sikuwa nimewafikiria wengine. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Usiku ule nilipitia faili zote tangu siku bei ilipopanda. Kila mzigo uko pale na saa yake, kwa hiyo inawezekana kujua kioo kilionyesha nini hata kama hakuna aliyepiga picha: mkulima yule yule, mzigo mmoja wa laki na zaidi, kisha mwingine chini ya laki. Watu kumi na mmoja, pamoja na mzee. Mmoja tu alirudi kuuliza.

Tumegawana na karani, tunawafuata. Mama mmoja wa karibu na barabara ya Kiwira alisema aliiona ile namba, akaitazama mpaka ikaondoka, na hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ningemwambia nani, na kompyuta ndiyo inayojua?" Nilimwonyesha picha. Aliniomba abaki nayo.

Wamebaki wawili, wote upande wa Masoko. Barabara ya huko imeharibika kwa mvua. Nikipata bodaboda atakayekubali, nitakwenda Jumamosi hii.